Vumbi la Chaki la Mwalimu Yav

Siku hizi, katika shule yetu ya Kamina, matokeo ya mwisho wa mwaka husomwa haraka, kama orodha ya mizigo. Hakuna tena anayenyamaza kabla ya kutaja jina la wa kwanza. Mwalimu Yav Matthias alikuwa akinyamaza. Alikunja karatasi, akawatazama wazazi mmoja mmoja, akasubiri mpaka mtoto mchanga alie mahali fulani. Hapo ndipo alipolisoma. Alipoondoka, ukimya ule haukupata mrithi.

Alifundisha darasa la sita kwa miaka kumi na tisa. Alikuwa mrefu, suruali zake hazikuwa. Mwanzoni mwa mwaka 1999, vita vikiwa na miezi saba, alitaka jambo moja tu: Hulda Ngoy, binti wa fundi wa reli, afanye mtihani wa kuingia bweni moja la wasichana huko Lubumbashi. Haukuwa mtihani wa lazima. Nafasi zilikuwa tano. Sekondari iliyokuwa karibu nasi ilikuwa imejaa watu waliokimbia Malemba-Nkulu, wamelala juu ya madawati. Asipokwenda Lubumbashi, Hulda angekaa nyumbani.

Hulda alikuwa wa kwanza tangu darasa la kwanza.

“Sitaki, Mwalimu,” alisema.

“Juu ya nini?”

“Sitaki tu.”

Mwalimu alidhani anaogopa treni, maana zilikuwa zikibeba askari. Akamleta Mama Cathy, mke wa mchungaji, amwombee. Hulda alifumba macho, akasema amina, akarudia kwamba hataki. Mwalimu akamwahidi kalamu yake ya wino. Hulda akasema yake bado inaandika.

Siku ya tatu, wakifuta ubao, alisema mwenyewe:

“Nikifaulu, mama atanimwangia bunga.”

Kwetu mtoto aliyefaulu humwagiwa unga kichwani, na kwa wingi wa unga majirani hupima anavyopendwa. Mwaka uliotangulia mama yake, Mama Béthanie, alikuwa amemmwagia Hulda meka nzima, lile kopo kubwa la kupimia sokoni. Vita vikaanza mwezi uliofuata, na mahindi yakaacha kuja.

“Marc anaulizaka kila siku ile bunga ilienda wapi,” alisema Hulda. Marc alikuwa mdogo wake, wa miaka minne. “Ya matokeo ya darasa, haina namna. Lakini mitihani mbili, bunga mara mbili? Hapana, Mwalimu.”

Mwalimu alikwenda kumwomba Mama Béthanie asimwage.

“Mwalimu, unataka bantu baseme mutoto wangu ameanguka?”

“Hapana, mama. Nataka asome.”

“Afaulu, apite mu barabara na kichwa cheusi? Sawa mwizi?”

“Basi, labda majivu kidogo...”

“Majifu njo ya kilio!” Mama Béthanie alisimama. “Nani amekufa hapa?”

Mwalimu aliomba msamaha. Mama Béthanie alimtazama mabega kwa muda mrefu. Shati lilikuwa jeusi, na mabega yalikuwa meupe kwa vumbi la chaki.

“Ile ya pa shati yako,” alisema, “inaonekana muzuri.”

Kesho yake Hulda alipelekewa pendekezo hilo. Hakufurahi, alipiga hesabu. Somo moja lilitoa kijiko kimoja cha vumbi. Ili kichwa kionekane kutoka ng'ambo ya barabara, vilihitajika vijiko mia tatu.

“Haitoshi, Mwalimu. Uandike mingi.”

Chaki ndiyo kitu pekee ambacho shule haikukosa; wamisionari walikuwa wameacha makatoni kumi na mawili. Mwalimu akaandika. Kwa miezi miwili darasa letu lilinakili mito yote ya Kongo pamoja na vijito vyake, na wafalme wote wa Israeli, wazuri na wabaya. Vumbi lilidondoka juu ya gazeti, likatiwa ndani ya kopo la maziwa. Aliyekohoa alihamishiwa nyuma. Hatukuambiwa sababu. Tulifikiri ndiyo vita.

Hulda alifanya mtihani mwezi wa Mei, katika chumba cha mikutano cha kanisa, ndege za Base, kambi ya jeshi, zikipita juu ya bati. Alitoka wa tatu.

Mama Béthanie alimmwagia kopo lote. Hulda alipita barabara ya stesheni, mweupe mpaka kwenye kope, akipiga chafya, shangazi zake wakipiga vigelegele nyuma yake. Majirani walikubaliana kwamba unga ulikuwa mwingi mno kwa wakati wa vita, na kwamba watu wa reli wana majivuno. Jioni ile kina Hulda walikula bukari, ugali wetu, na Marc aliongezewa.

Mwezi wa Septemba Hulda alipanda treni ya kwenda kusini, ameketi juu ya gunia kati ya askari wawili waliolala. Mwalimu Yav aliisindikiza kwa macho mpaka kwenye kona, kisha akarudi kufundisha darasa ambalo halikuwa tena na mtu wa kumsahihisha.

Alistaafu mwaka 2007. Anaishi Mulongo, kwa dada yake Élisa, nyumba ya pili kutoka sokoni.