Nilivyoipima Lenzi kwa Ukuta wa Nyumbani

Kamera niliachiwa na kaka yangu alipohamia Namanyere kufanya kazi dukani. Ilikuwa na lenzi moja tu, ile ya plastiki ya milimita kumi na nane mpaka hamsini na tano, wanayoiuza pamoja na kamera kwa watu wanaoanza. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, niko tu nyumbani Izia, basi nikaanza kupiga picha za kipaimara na za watoto. Watu walizipenda. Walikuwa wanaziangalia kwenye simu.

Shida ilianza na kwaya ya kigango chetu. Walitaka picha ya wanakwaya wote iwekwe kwenye bango kubwa la jubilei. Niliwapanga mbele ya kanisa, lakini nyuma yangu kulikuwa na shamba la mahindi machanga, sikutaka kuyakanyaga, nikasimama karibu. Nikaiweka lenzi kwenye kumi na nane, pana kabisa, ili wote waingie. Jioni ilikuwa inaingia, kwa hiyo tundu la lenzi nililifungua lote.

Tulipoisafisha picha kwa ukubwa, waliokaa katikati ungeweza kuwahesabia punje za rozari. Pembeni kulikuwa na mama mmoja wa sauti ya pili, mrefu, mwembamba, anasimama mwisho wa mstari siku zote. Uso wake ulitanuka, halafu ukawa kama umefutwa kwa kitambaa.

Nilipoipeleka kwa wanakwaya, yeye ndiye aliyeishika kwanza.

"Mwanangu, mimi naimba hapa tangu kwaya inaanza," akasema. "Leo umenifanya chapati."

Wenzake walicheka, yeye hakucheka. Alisema hasimami tena mbele ya kamera ile. Mwalimu wa kwaya alimbembeleza, kisha akaniambia nina nafasi moja tu, Jumapili baada ya misa. Picha ikiharibika tena wataita mtu wa mjini. Nilirudi nyumbani nimenuna. Bango lingekaa barabarani, kila anayepita angeuliza nani kapiga, na mimi niliitaka hiyo kazi sana.

Kesho yake nilienda kwa mshikaji mwenye studio karibu na stendi, aliyenisafishia ile picha. Nikamwambia nataka kuiuza lenzi. Akasema hata akiinunua ataifanyia nini, ni kopo, lakini hata kopo lina upande mzuri. Akanielekeza nitafute ukuta wa matofali, niweke kamera juu ya kitu kisichotikisika, nipige kila namba ya lenzi na ya tundu, halafu nifuate mistari ya matofali kwa macho. Mistari haina aibu, alisema, itakuonyesha.

Ukuta wa matofali ninao. Nyumba yetu baba aliijenga mwenyewe, matofali alichoma mwenyewe. Niliweka kamera juu ya kinu nilichokipindua, nikapiga ukuta wa nyuma. Upepo ulikuwa mkali, mama akawa anauliza ukuta umefanya nini mpaka upigwe picha.

Kwenye kumi na nane mistari yote ilivimba kama tumbo, na kwenye kona matofali yalikuwa uji. Nilipobana tundu mpaka namba nane, uji ulipungua, tumbo likabaki. Nikavuta mpaka thelathini na tano. Hapo matofali yalitulia, kona kwa kona, hata nyufa za saruji zilionekana. Isipokuwa upande wa kushoto. Upande wa kushoto mistari ya juu ilikuwa bado imepinda.

Nikakata tamaa palepale. Nilimpigia simu mshikaji, nikamwambia lenzi ni mbovu upande mmoja, naiacha. Akaniuliza kama nimeigeuza kamera. Nikasema sijaelewa. Akasema igeuze juu chini, piga tena palepale. Kama ubovu ni wa lenzi, utahamia kulia.

Niligeuza, nikapiga, nikaigeuza picha kwenye simu ikae sawa. Ubovu ulibaki kushoto.

Nilikaa juu ya kinu nikiangalia ukuta, siyo picha. Halafu nikamwita baba.

"Baba, naona kama ukuta umetoka nje huku."

Alisema kamera ya kaka yako haijui kujenga. Lakini alienda kuchukua uzi wake wa ujenzi, mimi nikashika huku, yeye huku, tukaunyoosha. Juu, upande wa kushoto, tofali liliusukuma uzi nje. Baba alipapasa pale kwa kiganja, polepole, bila kuniangalia.

"Mvua zilikuwa zinakaribia," akasema. "Nilikuwa na haraka."

Wiki hiyohiyo aliegemeza nguzo mbili pale, na akaniomba nisiwaonyeshe watu zile picha.

Jumapili nilifika kanisani nikijua ninachokitaka. Nilimwomba mwenye shamba, nikapita katikati ya mahindi mpaka mbali, wanakwaya wakanicheka wakiniuliza kama nimewakimbia. Thelathini na tano, namba nane, jua bado liko juu. Pande zote mbili niliacha nafasi tupu, iwe ya nyasi na ukuta wa kanisa, ili lenzi ikitaka kuharibu iharibu huko kusiko na mtu. Yule mama hakutaka kutoka kwenye kivuli. Nilimwambia shikamoo, nikamwomba asimame mahali pake palepale pa mwisho, na kama atatoka vibaya mimi mwenyewe nitamwambia mwalimu aite mtu wa mjini. Aliitikia marahaba, akasimama, lakini hakutabasamu.

Jumatatu nilimpelekea picha iliyosafishwa kwa ukubwa. Alikuwa anapepeta ulezi. Alijifuta mikono kwenye kanga, akaanza kutafuta kutoka mwisho.

"Huyu namjua," akasema.

Halafu kidole chake kikasogea katikati, kwa mwalimu wa kwaya, ambaye alikuwa amefumba macho.

"Na huyu je, alikuwa anasali?"

Nikamwambia ninayo nyingine ambayo mwalimu yuko macho. Akauliza kwenye hiyo nyingine yeye ametokaje. Nikasema ametoka vizuri, ila siyo kama hii. Akaikunja kanga yake kiunoni, akanirudishia picha.

"Basi peleka hii."