Mama wa lori la taka na MG ya Bwana Orton

Saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, Lorraine Jephcott anashuka kwenye lori la taka kinyumenyume, mkono mmoja kwenye bomba la mlangoni, mguu wa kushoto ukitangulia, huku akinung'unika maneno ambayo gazeti hili haliyachapishi. Mvua ya Bedworth, katikati ya Uingereza, inamwagika juu ya kofia yake. Vijana wake wawili wa kubeba mapipa, Curtis na Pawel, wanatazama upande mwingine kwa adabu.

"Goti hili," anasema akishatua chini. "Kupanda halina neno. Kushuka ndiyo kesi."

Anafungua pipa la nyumba ya kona na kukuta limejaa matofali. Anarudisha mfuniko taratibu, anatazama madirisha ya nyumba ile ambako mapazia bado yamefungwa, kisha anabandika karatasi ya onyo.

"Wiki iliyopita walitia sinki," Curtis anamkumbusha.

"Nalijua hilo sinki. Mimi ndiye niliyelirudisha mlangoni kwao."

Lorraine ana miaka hamsini na tisa, na ishirini na miwili kati ya hiyo ameimaliza nyuma ya usukani wa lori hili au la kabla yake. Anapata kama pauni elfu mbili kwa mwezi baada ya makato. Anasema pesa hiyo inamtosha kabisa mtu ambaye mume wake hakusanyi pikipiki.

Lakini si taka zilizomleta kwenye ukurasa huu. Ni gari. Tangu Februari amekuwa akijaribu kununua MG ya mwaka 1971, gari dogo la Kiingereza lisilo na paa la kudumu, iliyolala chini ya turubai kwenye banda la Bwana Mervyn Orton, mstaafu wa posta, nje kidogo ya Atherstone. Bwana Orton alitangaza mwenyewe kwamba anaiuza. Tatizo ni kwamba kila anayekuja kununua, yeye humwambia hapana.

Mwaka 1986 Lorraine alikuwa na MG kama hiyo, ya kijani. Alikaa nayo miezi kumi na moja, akapata mimba, na gari la viti viwili halina pa kuweka mtoto. Likauzwa. Mume wake, Keith, akamwambia asijali, watoto wakikua watanunua lingine.

"Watoto wamekua," Lorraine anasema. "Yule mkubwa ana kipara."

Nilifika nyumbani kwao jioni moja nikaikuta hoja hiyo bado ipo mezani, pamoja na viazi. Keith anaendesha mashine ya kunyanyulia mizigo ghalani, ni mpole, na ana pikipiki tatu ambazo hakuna hata moja inayowaka. Mbili ziko gereji. Ya tatu iko kwenye ujia wa kuingilia ndani, nami nilipita ubavu ubavu ili nisiichafue suruali yangu.

"Ukileta gari bovu hapa litakaa wapi, mama?"

"Pale zilipo pikipiki zako."

"Zile nazitengeneza."

"Tangu lini?"

Keith akanywa chai. Akanigeukia mimi, kana kwamba nimetumwa kuja kuamua. "Mwambie, ndugu mwandishi. Gari kama lile linakula miaka mitano, saba. Mimi nayajua haya mambo."

Kuyajua anayajua kweli, na hapo ndipo shida ya Lorraine ilipo. Daktari amemwambia magoti yote mawili yatabadilishwa siku moja, na foleni ya hospitali ni ndefu. MG iko chini sana. Ukikaa ndani yake unakaribia kuigusa barabara kwa makalio. Miaka saba ya kusugua na kupaka rangi itamfikisha sitini na sita, akiwa na gari zuri asiloweza kutoka ndani yake. Anachotaka ni kuliendesha mwaka huu, Julai, hadi Barmouth, baharini, paa likiwa wazi. Kama si Julai hii, ana wasiwasi haitakuwa Julai yoyote.

Sasa, asiyeishi na watu hawa wa magari ya kale huenda akadhani kununua gari bovu ni suala la bei tu. Thubutu. Gari la kale hapa huposwa. Mwenye gari anakukaribisha chai, anakuuliza gereji yako ina unyevu, umejiunga na klabu gani, ulishawahi kutengeneza jingine, na rangi utapaka ipi. Anaweza kuwa ameliacha libomoke mvuani miaka ishirini, lakini wewe ndiye unayepimwa kama unastahili. Nimeishi nao muda mrefu na bado jambo hili linanipandisha presha.

Lorraine alipimwa mara mbili. Safari ya kwanza Bwana Orton alimuuliza maswali hadi giza likaingia, akasema atafikiri. Safari ya pili alimwonyesha albamu ya picha za magari ya watu wengine, akafunua turubai upande wa pua tu, akalirudisha.

"Pua!" Lorraine alinipigia simu akiwa bado barabarani. "Nimeendesha kwenda na kurudi kuonyeshwa pua."

Safari ya tatu nilikwenda naye. Alikuwepo pia Jas Bhamra, fundi wa kuchomelea anayeziba matundu ya malori ya taka kwenye yadi ya manispaa. Njiani Jas alimpa ushauri wa bure.

"Dada, we mwambie ndiyo kwa kila kitu. Ipasavyo? Ndiyo. Kila nati? Ndiyo. Ukishalipa ni lako, hata ukilipaka rangi ya waridi."

"Sawa," Lorraine alisema, na nadhani wakati ule alikuwa amekusudia hivyo kweli.

Bwana Orton ana miaka sabini na mmoja, mrefu, nadhifu, na sweta yake imefungwa vifungo vyote. Ndani ya klabu ya wenye MG ya eneo lile yeye ndiye mshauri wa mabodi ya magari. Mtu akitaka kukata chuma chochote humpigia simu yeye kwanza. Alitupa chai na keki, akakunja mikono.

"Bibi Jephcott, nataka neno lako. Gari hili lifanywe ipasavyo. Livuliwe lote, kila nati, lirudi kama lilivyotoka kiwandani. Sitaki kuliona barabarani limepakwapakwa."

Jas alimtazama Lorraine. Mimi nilimtazama Lorraine. Lilihitajika neno moja tu: ndiyo.

"Bwana Orton, siwezi kukudanganya," alisema, na Jas akafumba macho. "Mimi nitalichomelea lisikatike, nitaweka breki nzuri, nitalipeleka likaguliwe, na Julai naliendesha. Likiwa na mlango wa bluu na boneti nyekundu litakwenda hivyo hivyo. Sina miaka saba."

"Basi wewe siye."

"Nani ndiye?"

"Bado hajaja. Nimekataa watu wenye pesa kukushinda."

Lorraine aliweka kikombe chini. Nilitarajia mlipuko, na ningeufurahia. Badala yake aliomba kitu kidogo: kama halipati, basi aketi ndani yake mara moja tu, ajue kama magoti yanaweza.

"Mlango ni mgumu," Bwana Orton alisema upesi.

"Naendesha lori."

Akatangulia bandani, akavuta turubai lote kwa mkupuo mmoja. MG ilikuwa nyeupe zamani. Panya walikuwa wameshiba viti, na mlango wa dereva ulikuwa umefungwa kwa kamba iliyozungushwa hadi upande wa pili. Lorraine akaifungua kamba, mlango ukafunguka kwa kilio, akageuka, akajishusha ndani huku ameshika kioo cha mbele. Akakaa. Akashika usukani, na uso wake ukawa wa msichana ambaye sikuwahi kukutana naye.

Kisha akavuta mlango aufunge, na mlango ukagoma. Ukingo wake wa juu uligonga bodi kwa nyuma, ukazidi nafasi yake kwa upana wa kidole gumba. Akavuta tena, ukagonga pale pale. Jas akaenda upande wa pili kujaribu mlango wa abiria, nao ukafanya vile vile. Akapiga magoti, akapitisha sumaku chini ya milango, akalala chali kwenye sakafu na tochi yake. Alipoinuka alikuwa amekasirika kama mtu aliyetusiwa.

"Nani alikata hapa?"

Nieleze kidogo. Gari lisilo na paa halina cha kulishika juu. Linashikwa na boksi mbili za chuma zinazopita chini ya milango, moja kila upande. Zikila kutu hubadilishwa, lakini kwanza unachomelea vyuma vya kushikilia kwenye nafasi za milango, halafu unakata upande mmoja, unaumaliza, ndipo unagusa wa pili. Mtu aliyelikata hili alikuwa ameliinua kwa ncha zake mbili, mbele na nyuma, akakata pande zote mbili kwa pamoja bila hata kipande cha kushikilia. Katikati ikabonyea. Akachomelea boksi mpya juu ya huko kubonyea, na gari likabaki limepinda.

"Ilikuwa wikiendi ya sikukuu," Bwana Orton alisema. Alikuwa akiitazama sweta yake. "Mwaka tisini na nane. Nilitaka nimalize kabla ya kurudi kazini."

Huyu ndiye mshauri wa mabodi. Kwa miaka yote hiyo, wanaklabu walipompigia simu wakiwa na msumeno mkononi, yeye ndiye aliyewaambia washikilie milango kwanza.

"Angalau waliambiwa na mtu anayejua," Jas alisema.

"Kwa hiyo mimi nimekuja hapa mara tatu," Lorraine alisema kutoka ndani ya gari, sauti yake ikipanda pole pole, "nikaulizwa unyevu wa gereji yangu. Nikaonyeshwa pua. Nikaambiwa mimi siye. Na wale wote uliowafukuza. Kumbe ni mlango?"

"Yeyote ambaye angelinunua angeufungua, angejua."

"Umewahi kuliendesha hata siku moja?"

"Lilikuja halina injini. Injini iko pale kwenye sanduku."

Nilikasirika, sitaficha. Nilikuwa tayari kumtetea mtu anayependa gari lake kupita kiasi, na sasa nilimwona mtu aliyeliozesha kusudi ili asichekwe. Lorraine naye alikuwa na hasira zake, lakini alikuwa na shida ya haraka zaidi: goti lilikuwa limekaza na hakuweza kutoka. Ilibidi Jas ashike mkono mmoja na Bwana Orton mwingine. Wakahesabu hadi tatu, wakamvuta.

Kwenye gari la Jas kurudi nyumbani, hoja zote zilikuwa za kukataa. Jas alisema linanyooka: unaweka vyuma vya kushikilia, unakata tena, unainua katikati kwa jeki kidogo kidogo, unaning'iniza milango kwanza na kuiacha yenyewe ikuambie ulipofika. Lakini ni kazi juu ya kazi. Keith, aliposimuliwa, alisema la busara pekee nililomsikia akisema.

"Achana nalo, mama. Yapo mengine mengi."

Lorraine aliyatafuta hayo mengi. Kila Jumapili alikwenda kuangalia moja, nami nikapata picha zake kwenye simu: jekundu linalong'aa huko Rugby, la bluu huko Tamworth. Yote aliyapitishia sumaku, haikunasa, na yote yalikuwa na puti chini ya rangi, nene kama siagi kwenye mkate wa mtoto.

"Haya yote yamepakwa poda," alinieleza siku niliyomfuata kazini, tukinywa chai ya chupa kando ya lori. "Sijui ndani kuna nini. La Orton najua ubaya wake wote. Nimeukalia."

Akampigia. Bwana Orton akataja bei ya injini peke yake na kusema bodi ni zawadi. Aliomba tu klabu isijue. Lorraine akamjibu kwamba kuna mwandishi. Nilipompigia mwenyewe kumuuliza kama nimpe jina jingine kwenye makala hii, alikataa.

"Andika," alisema. "Nimechoka kulifunika."

Ni Jumamosi sasa, mwisho wa Aprili. Gereji ya akina Jephcott ina nafasi kwa mara ya kwanza tangu walipohamia. Pikipiki mbili zimeuzwa na ya tatu imehamia sebuleni, na Keith ameapa kwamba hiyo haiondoki. MG imesimama katikati, vyuma vikipita kwenye nafasi za milango, jeki tumboni. Jas anainua kidogo, anafunga mlango wa dereva, anatikisa kichwa, anainua tena. Mara ya nne mlango unafunga kwa mlio mdogo mkavu. Lorraine anaufungua na kuufunga mwenyewe mara kadhaa.

Simu inalia juu ya boneti. Ni Bwana Orton. Hupiga kila Jumamosi, na kila Jumamosi Lorraine huinua macho juu kabla ya kupokea.

"Mmeshachagua rangi?"

"Hapana, Bwana Orton."

"Mipira ya kuziba milango msinunue ya bei rahisi."

"Tulishanunua ya bei rahisi. Mlango umefunga. Kuna jingine? Nina watu wanafanya kazi hapa."

Jas anaacha kuzungusha jeki. Keith, aliyekuwa akipita na kikombe, anasimama mlangoni.

"Lorraine," sauti inasema. Hajawahi kumwita hivyo. "Kile kiti cha pili. Cha abiria. Mtakifunga kabla ya Julai, au hapo baadaye?"

Lorraine anakitazama kiti. Kimeegemezwa ukutani, sponji imetoka, na hakuna aliyekuwa amekipangia chochote.

"Kabla," anasema. "Lakini naondoka saa kumi na mbili asubuhi. Ukichelewa, sikusubiri."