Homa Niliyoibeba Kwenye Kijisanduku

Juzi nilimsindikiza mjukuu wangu mjini Kitale kununua themometa ya mtoto wake. Msichana wa duka la dawa alituwekea tatu mezani: ya kuelekeza kwenye paji la uso kama bastola, ya kwapani inayolia pii, na ya sikio. Mimi, rafiki yangu, hata peremende siinunui kwa bei ya kwanza. Wenye maduka kule Bungoma wakiniona naingia huanza kuhema kabla sijafungua mdomo. Lakini siku hiyo sikupatana bei. Mjukuu akashangaa, "Nyanya, leo unaumwa?" Nikamwambia achague anayotaka, alipe, twende. Nikatoka nje kumsubiri, maana ile harufu ya spiriti ilikuwa imenirudisha pale ambapo sipendi kurudi nikiwa na watu.

Ilikuwa kama miaka kumi kabla ya Uhuru. Tulikaa kwenye shamba la mzungu, maili saba kutoka Kitale, kwenye nyumba za udongo za wafanyakazi, kumi na mbili upande huu na kumi na mbili upande ule. Nilizihesabu kila Jumapili, kisha nikazihesabu tena nikirudi, nisije nikapunjwa moja. Asubuhi kipande cha reli kiligongwa, moshi wa kuni mbichi ukajaa, na uji wa wimbi ukanywewa wima. Mama alienda kupalilia mahindi ya mzungu. Baba alikuwa karani wa maziwa. Kalamu yake aliivaa mfukoni hata akienda chooni. Mimi, msichana wa miaka tisa, nilibaki na mtoto mgongoni.

Alikuwa wa kiume, miezi saba, baada ya wawili waliokufa kabla ya kukaa. Alikuwa mzito kama debe na alizoea kunivuta sikio la kushoto nikitembea, kama mtu anayeongoza punda. Nilimpenda, ingawa angejua kusema angesema nilimfinya mara nyingi.

Msimu wa palizi alikuja nyanya yetu kutoka Misikhu kusaidia. Tulimwita kukhu, naye akatuita kukhu sisi wajukuu, ndivyo ilivyo kwetu. Mtoto akilialia, kukhu aliweka shavu lake juu ya tumbo la mtoto, akanyamaza, halafu akatoa hukumu: huyu ana njaa, huyu ana homa, huyu ni tabia tu. Hakukosea mara nyingi, na hilo ndilo lililomuudhi baba.

"Mama," baba alimwambia, "sisi sasa ni watu wa vipimo. Mambo ya mashavu acha kule Misikhu."

Akaenda Kitale kununua themometa, nami nikafuatana naye kubeba sukari. Muhindi mwenye duka alitoa mbili za kioo. "Hii ncha ndefu, mdomoni. Hii ncha fupi, nene, ya mtoto."

"Mtoto ataiumaje na hana meno?" baba akauliza.

Muhindi akageuka, akajigusa nyuma ya suruali, akageuka tena bila kucheka. Baba alivuta kola. "Mwanangu hapimwi huko, bana." Akachagua ya ncha ndefu, akabishana mpaka akaongezewa kijisanduku chake cha bati bure. Nilidhani sijawahi kuona mwanamume mwerevu hivyo.

Nyumbani ikawa kama ibada. Baba aliiosha kwa maji baridi, akaibana kwapani mwa mtoto, akahesabu mpaka mia tatu, sisi tumeshika pumzi. Kisha akaigeuza kwenye mwanga hadi uzi wa fedha uonekane, akasoma namba kwa Kiingereza. Majirani walikuja kupimwa wakiwa wazima kabisa. Na ni katika kupima huko baba aliona jambo lililompendeza kupita yote: ukiitoa kwapani, ule uzi haushuki. Unakaa pale pale ulipofika, hata mpaka kesho, hadi uikung'ute.

Wiki ya mvua kubwa mtoto aliacha kunyonya. Alikuwa anachemka, macho nusu wazi, na sikio langu hakulitaka. Themometa ilisema mia na nne, kwa Farenhaiti ya siku zile. Kukhu aliweka shavu lake, akaliondoa upesi.

"Mpelekeni kwa daktari. Leo."

Mama alikuwa ameomba ruhusa kwa nyapara, akajibiwa kwamba anayekosa leo, kesho asisumbuke kuja. Baba alikuwa na maziwa ya kuandika.

"Nipeni mimi nimbebe," kukhu akasema.

"Maili saba, mvua hii, na miguu hiyo? Unataka umwue?" Baba aliinua kile kijisanduku. "Si homa yenyewe imo humu? Imekaa, haitoki. Mtoto abaki kwenye joto, homa iende kwa daktari. Kwa nini mzungu aliitengeneza isishuke? Ni ili mgonjwa asisumbuliwe."

Kukhu alisema kitu kwa Kibukusu ambacho sitakiandika.

Nikatumwa mimi. "Usiiangushe, usimpe mtu, usiongeze maneno yako," baba aliniambia. "Daktari atasoma mwenyewe. Na ikiharibika, usirudi hapa." Niliangalia uzi mara mbili kabla hajafunga. Mia na nne. Mia na nne.

Darajani niliwakuta wasichana wakisubiri mvua ipungue, mapera yamejaa kwenye shuka zao. Wakauliza nimebeba nini kifuani kama yai. Ningenyamaza tu, lakini biashara ilinianza mapema, rafiki yangu. Nikasema ni homa ya ndugu yangu, na kuiona ni pera moja kwa kila mtu. Wakalipa. Mapera saba, niliyahesabu mara mbili. Mkubwa wao, ambaye shangazi yake alisugua sakafu kwenye hospitali ya wazungu, alikishika kile kioo, akanicheka.

"Ati homa! Wewe hujui kutumia. Kwanza inakung'utwa, hivi!"

Mkono wake ulikwenda mara tatu, fya, fya, fya. Nilipoinyakua uzi ulikuwa umeshuka wote chini, umejikunja kwenye ncha yake.

Nililia hadi karibu na mji. Kisha nikafanya hesabu ya mtu mwoga. Kwenye foleni ya zahanati niliibana kwapani mwangu mwenyewe, nikahesabu mia tatu, nikidhani kwapa ni kwapa. Uzi ulipanda, ukafika tisini na nane na kidogo, ukakataa kusogea. Nilikuwa mzima kama jiwe.

Yule tuliyemwita daktari alikuwa dresa tu, wa kufunga vidonda, lakini koti lake lilikuwa jeupe. Alisoma, akatazama nyuma yangu.

"Mgonjwa yuko wapi?"

"Nyumbani. Homa iko humo."

Akaiinua ili foleni nzima ione. "Jamani, huyu ameleta homa kwa sanduku! Kesho ataleta kuhara kwa chupa!" Watu walicheka, wengine wakishika mbavu walizokuja kutibiwa. "Sasa sikia, mama mdogo. Hii si homa. Mwambie baba yako mtoto ni mzima kuliko mimi. Ama una neno lingine?"

Nilikuwa nalo. Mia na nne, lilikuwa limekaa kwenye ulimi. Ningelitoa, angeuliza imeshukaje, na baba angejua juu ya mapera.

"Sina," nikasema.

Nyumbani niliwapa ujumbe jinsi ulivyo. Mama alikaa chini kwa furaha. Baba alimgeukia kukhu: "Umesikia? Mzima!" Kukhu alisema, "Mtoto huyu anakufa," akaanza kumfunga mgongoni atoke naye. Baba alimpokonya.

Alikufa kesho yake saa sita mchana, jua likiwaka.

Kilichofuata ndicho kibaya zaidi, ingawa wakati ule nilikiona kama bahati. Watu walijaa, wakauliza, baba akaeleza: kipimo kilisema mzima, daktari akasema mzima. Basi mtoto mzima hufaje? Mtu mmoja akakumbuka ni nani aliyesema mtoto anakufa, na ni nani aliyekuwa akimlalia tumboni kila siku na shavu lake. Mama ndiye aliyeanza kupiga kelele. Kukhu alifungasha vitu vyake akirushiwa matope, na baba yangu, mwanawe wa kumzaa, alimfungulia mlango.

Mapera niliyala yote. Yalikuwa matamu.

Zile nyumba ishirini na nne hazipo sasa. Hata kaburi, lililokuwa kwenye ardhi ya mzungu, lililimwa na trekta msimu uliofuata, mahindi yakapandwa juu yake. Baba aliandika maziwa siku hiyo kama kawaida. Wamekufa, yeye na mama, wakiamini walichokiamini.

Nilienda Misikhu nikiwa mama wa watoto wawili. Kukhu alikuwa amezeeka, macho yameisha. Nilimpa mwanangu ampakate, akarudisha mikono nyuma.

"Sishiki watoto mimi," akasema. "Nilikuwa na mwili mbaya. Nilimuua mmoja kule Kitale, bila kujua."

Basi nikamwambia. Daraja, mapera, kwapa langu, yote, nikiwa nimepiga magoti. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akapapasa hewani hadi akaupata mdomo wangu, akauziba kwa kiganja.

"Nyamaza, kukhu," akaninong'oneza. "Nyamaza. Watakufukuza."