Kijiko cha Pili cha Asali

Mimi darasani hata nikiitwa jina najibu kwa kunong'ona. Leo nimesikika ukumbi mzima wa hospitali, na hadi sasa masikio yananiwaka.

Bibi alikuwa apigwe picha ya tumbo, ionekane kama uvimbe wa saratani umepungua baada ya matibabu. Tuliambiwa asile chochote tangu usiku, ila dawa zake aendelee nazo. Nikajiteua mlinzi. Nilificha hata mihogo.

"Mjukuu wangu," alilalamika, "hata askari magereza wana huruma."

Asubuhi nikampa vidonge vyake na kijiko cha asali kama kawaida. Kwetu Tabora asali ni dawa. Nani aliwahi kushiba asali?

Zamu yetu ilipofika, muuguzi akasema, "Shikamoo bibi. Umekula?"

"Hajala kitu!" nilidakia kwa sauti, watu wakageuka. "Ni dawa tu, vidonge na asali."

Muuguzi akaweka kalamu chini. "Asali ni chakula, mdogo wangu. Picha itabidi tuisogeze. Kijiko kimoja?"

Nikainama. "Kimoja."

Bibi hajui kudanganya mbele ya koti jeupe. "Viwili, mwanangu," alimwambia muuguzi, huku amenishika mkono. "Cha kwanza kilikuwa dawa. Cha pili kaniongezea aliponiona natetemeka kwa njaa, kisha akageukia ukutani akalia. Alidhani simwoni."