Mbweha Bustanini na Kikombe cha Mama

Mafuta ya alizeti yaliyotoka mashineni siku hiyo hiyo, kabla hayajatulia, yana harufu nzito ya mbegu zilizokaangwa na vumbi. Wengine harufu hiyo huwatia hamu ya maandazi. Mimi hunikausha koo. Hunirudisha Ilongero, kwenye bustani ya nyuma ya nyumba yetu, msimu ambao mama alimpaka mafuta hayo mbweha aliyenyonyoka manyoya, na mimi nikaishi na hofu moja tu tangu ninapoamka hadi ninaposinzia: kwamba mama yangu angekufa akiogopa maji.

Hofu hiyo haikutoka hewani. Mwaka uliotangulia mbwa mwenye kichaa alimuuma jirani yetu, mwanamume wa miraba minne aliyezoea kubeba gunia la mtama begani huku anapiga mluzi. Alipaka kidonda majani, kikapona, akasahau. Baadaye alipoletewa maji alitetemeka mwili mzima na kupiga kelele. Watoto hatukuruhusiwa kuchungulia, lakini nani anaweza kuziba masikio ya kijiji? Alipozikwa tulibaki na somo moja: mnyama asiyemkimbia mtu ana kichaa, na aliyeumwa utamjua kwa maji. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Ndiyo maana asubuhi tulipomkuta yule mbweha amejikunja kwenye mabua ya alizeti, ndani ya uzio wetu wa minyaa, nilipiga yowe. Alikuwa mdogo kuliko nilivyodhani, miguu kama vijiti, masikio makubwa kupita kichwa chenyewe. Ngozi yake ilikuwa magamba matupu, macho yamejaa tongotongo. Hakukimbia. Baba alikuwa amepeleka ng'ombe mbali, akifuata malisho, kwa hiyo uamuzi ulikuwa wa mama. Alisimama mikono kiunoni akamtazama kwa muda mrefu. "Huyu hana kichaa, ana ukurutu," akasema. "Na hawa wenye masikio hawali kuku, wanakula mchwa. Paa letu hulioni lilivyoliwa?" Mama alikuwa hivyo. Mchwa walikuwa wameitafuna miti ya paa letu la udongo hadi likaanza kubonyea, na nadhani angemsamehe hata shetani kama angekubali kula mchwa.

Basi akamfunika kwa tenga chini ya mlonge. Alimwekea uji mwepesi wa uwele, na mapande ya kichuguu yenye mchwa ndani, na bakuli la maji. Mafuta, aliyokamulisha kwa mbegu za akiba, alimpaka kwa kitambaa kilichofungwa kwenye ncha ya bua, akinong'ona naye kwa Kinyaturu kama anavyonong'ona na mtoto mwenye homa. Mimi nilisimama karibu na mlango wa jiko, tayari kukimbia. Jioni moja kitambaa kikachomoka, mama akainama kukiokota, na yule mnyama akamng'ata kifundo cha mkono. Mama alikiosha kwa sabuni, akakifunika kwa kanga, ndipo akageuka na kuniona. "Ni mwiba," akasema. "Umesikia? Mwiba. Baba yako mdogo akijua, atakuja na rungu." Niliitikia. Nilikuwa nimefundishwa kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, lakini hakuna aliyewahi kunifundisha la kufanya anayeficha akiwa ni mama yako mwenyewe.

Kwetu mtu akitoka shambani haulizwi habari kabla hajapewa maji. Mtoto hupiga magoti, hushika kikombe kwa mikono miwili, na anayepewa hakatai hata kama hana kiu. Atagusa walau kwa midomo, maana kumkatalia mtoto maji ni kumkosesha baraka. Desturi hiyo mimi niliigeuza kuwa kipimo. Mama akitoka kuokota kuni, nimepiga magoti na kikombe. Akitoka kupepeta uwele, kikombe. Akivuka tu kwenda kuomba chumvi, akirudi ananikuta mlangoni. Kisima kilikuwa mbali, cha kuchimba kwenye mchanga wa mto mkavu, na nilikuwa mvivu maarufu wa kuteka maji. Ghafla nikawa wa kwanza kisimani. Majirani walimsifu mama kwa malezi mema. Hawakujua kwamba nikiwa nimepiga magoti pale, macho nimeinamisha kwa heshima, nilikuwa nachungulia koo lake, na kwamba sikupumua mpaka nilione limepanda na kushuka.

Wakati huo mbweha alikuwa anapona. Manyoya laini ya kijivu yalianza kuota mgongoni, na masikio yakasimama, yakigeuka huku na huku kusikiliza mchwa ardhini. Mama alifurahi. Mimi sikuona cha kufurahia. Jirani yetu naye si alipona kidonda?

Kisha tukapura alizeti. Mama alirudi kutoka uwanjani amejaa vumbi mpaka kwenye kope, nikampa kikombe. Funda la kwanza likampalia. Alikohoa, akatema, akakisukuma kikombe kwa mgongo wa mkono. Maji yakanimwagikia magotini. Sikusubiri neno. Nilikimbia nikilia hadi kwa baba mdogo, na hata shikamoo sikumpa. Nilimwambia yote: mbweha, mkono, mwiba usio mwiba, maji. Alikuja mbio na rungu lake, lakini alipoliona kovu la meno kwenye kifundo cha mama akaliegemeza ukutani.

"Shemeji, panda pikipiki. Twende mjini."

"Shemeji, ni vumbi tu."

"Nimesema panda."

Walipoondoka nilibaki na kikombe mkononi. Sijui nini kilinituma. Nilikwenda bustanini, nikafunua tenga kidogo, nikamimina maji yaliyobaki ndani ya bakuli lake lililokauka. Nikapiga magoti. "Kunywa," nikamwambia. "Tafadhali, kunywa." Mbweha alinitazama, akanusa, kisha akainamisha kichwa na kunywa. Alikunywa mpaka ulimi ukakwaruza bakuli. Nililia pale pale kwa sauti, na hakushtuka.

Jioni baba mdogo alirudi na mama. Daktari, alisema, swali lake la kwanza lilikuwa, mnyama aliyeuma yuko wapi. "Nikamwambia yuko kwetu, anakula uji. Mama yako akaongeza kwamba aliumwa alizeti ikiwa bado imesimama shambani." Daktari akawaeleza kuwa mnyama mwenye kichaa hadumu hivyo, angekuwa amekufa zamani. Sindano mama alichomwa hata hivyo, pamoja na karipio refu kwa kuficha. Baba mdogo akalitazama rungu lake ukutani. "Ningejua siku ile ningemuua," akasema. "Tungebaki tunabahatisha." Haukupita muda, tenga likakutwa limepinduka, na kwenye minyaa kuna upenyo mdogo.

Leo ninaishi Mwankoko, na bomba liko ndani ya nyumba. Mbwa wangu ana cheti cha chanjo, na wanangu wakimwona mnyama wa porini humpiga picha. Anayeng'atwa hapa kwangu halali bila sindano, hata akiapa kwamba ni mwiba. Kwa hayo siitamani zamani hata kidogo. Lakini mama, ambaye sasa anaishi nami, alipata kiharusi, na tangu hapo maji humpalia tena. Hakuna mnyama chini ya mlonge wa kunipa jibu safari hii. Kwa hiyo nafanya ninachokijua. Napiga magoti kwenye vigae, mtu mzima na mvi zangu, nashika glasi kwa mikono miwili, natazama koo lake na sipumui. Mama huchukua muda. Akimaliza huigeuza glasi juu chini nione kwamba hakuna kilichobaki, na kwa mdomo wake uliopinda huniambia, "Haya, nimekunywa. Inuka."