Mkonge Niliouita Mshubiri

Nilijipaka juisi ya mkonge usoni. Sikulazimishwa, sikulewa, wala sikuwa na homa. Nilichuchumaa nyuma ya choo chetu, nikachovya vidole viwili kwenye kopo, nikajipaka paji la uso, nikajipaka mashavu, na kidogo juu ya kope ili macho nayo yang'are. Halafu nikatulia kusubiri uzuri.

Naanza na hilo kwa sababu hapa Korogwe watu wengi wanalijua tayari, na kila anayelisimulia anaongeza lake. Mama mmoja anayeuza mihogo karibu na kwetu anasema niliinywa. Sikuinywa. Nina akili zangu.

Mambo yalianza na dada. Alikuwa anaolewa Jumamosi, na wiki nzima alikuwa amewekwa ndani: haoni jua, haoni mwanamume yeyote, hata mimi ndugu yake wa tumbo moja. Kazi yake kula, kulala na kusuguliwa. Aliyemsugua ni kungwi wake, mama mtu mzima mwenye viganja kama msasa, ambaye pia alikuwa akimfunda mambo ya ndoa kwa sauti ya chini, na kila nikipita dirishani sauti inakuwa ya chini zaidi.

Ngozi ya dada haitaki utani. Siku ya kutolewa posa alijipaka losheni ya kuazima, akatoka vipele uso mzima. Ikabidi awatokee wageni amejifunika mtandio mpaka puani, na mama mkwe mtarajiwa akamvuta mama pembeni, akamuuliza kwa upole kama binti ana meno. Dada alilia siku tatu. Sasa aliapa kwamba Jumamosi watu wa bwana harusi kutoka Handeni watauona uso wake wote, kuanzia kwenye nywele mpaka kidevuni, na meno yote yatakuwepo.

Kwa hiyo mama alipiga marufuku vitu vya dukani. Alitaka mshubiri, na si mshubiri wowote, ila ule ulioko nyuma ya nyumba ya bibi kule Handeni, ambao yeye mwenyewe alipakwa akiwa mwali. Alhamisi asubuhi akanipa mfuko na nauli.

"Bibi yako atakukatia majani matano. Kungwi anaanza kumpaka dada yako baada ya sala ya alasiri. Usisimame popote."

"Sisimami, mama."

Na kweli sikusimama. Nilikimbia. Maana pale stendi nilimkuta rafiki yangu golikipa, kijana wa kifugaji kutoka upande wa Handeni anayesoma na mimi, anaisubiri timu yetu ya mtaani. Walikuwa wanakwenda kucheza na vijana wa kambi ya mkonge kule Ngombezi, na winga wetu wa kulia alikuwa anaharisha. Mimi ni winga wa kulia. Ungekuwa wewe ungefanyaje?

Tulifungwa manne. Golikipa alisema jua lilikuwa machoni mwake, vipindi vyote viwili, pande zote mbili. Mchezo ulipoisha ilishapita saa sita, na mimi ndiyo kwanza nikakumbuka kwamba nilitakiwa niwe njiani kutoka Handeni. Nikakaa chini nyuma ya goli. Mbele yangu mkonge umepangwa mistari mpaka macho yanachoka. Nikautazama. Nikautazama tena. Ndipo kemia ikanijia, kitu ambacho hakijawahi kunitokea hata kwenye chumba cha mtihani.

Wiki ya mwisho kabla ya kufunga shule, mwalimu wetu wa kemia alitufundisha jinsi wataalamu wanavyojua kama kitu kinawasha ngozi au kinaumiza macho. Alisema zamani walikuwa wanamtia sungura kitu hicho machoni. Darasa zima tukamhurumia sungura. Siku hizi, akasema, si lazima kila kitu kijaribiwe upya: unatafuta dutu nyingine inayofanana na hiyo yako, ambayo tabia yake inajulikana, halafu unakisia kwamba na hii itafanya vivyo hivyo. Nikaona huu ndio usomi wa kweli, maana ni kunakili kwa mwenzako, ila kwa ruhusa. Akaanza kusema "lakini muwe makini, kufanana maana yake..." kengele ya uji ikalia. Waliobaki kusikiliza walibaki. Mimi nilikuwa wa tatu kwenye foleni ya uji.

"Oya," nikamwambia golikipa, "mshubiri ukoje?"

"Majani manene."

"Na mkonge?"

"Majani manene."

"Mshubiri una miba?"

"Pembeni."

"Mkonge?"

"Nchani. Sasa?"

"Yote inaota imejipanga duara, yote ukikata inatoa maji ya kijani, yote michungu. Mwanangu, hivi ni kitu kimoja. Mmoja umeajiriwa kiwandani, mwingine umekaa nyumbani."

"Mbuzi wetu wakifika kwenye mkonge wanazunguka," golikipa akasema. "Wana njaa, ila wanazunguka."

"Mbuzi hajasoma kemia."

"Na wewe je?"

Mtaalamu habishani na golikipa aliyefungwa manne. Nikaokota majani mawili yaliyoangushwa na trekta, nikayashika kwa jezi kama mtoto mchanga, nikayapondaponda juu ya jiwe, nikayakamua ndani ya kopo tupu la siagi ya karanga. Nikiri kwamba hapo kulikuwa na dalili. Juisi ilikuwa nyepesi kama maji, wakati ute wa mshubiri unavutika. Mtu mwingine angejiuliza. Mimi nilipita sokoni nikaomba bamia nne, nikazikatakata humo ndani, nikatikisa. Ikavutika safi. Vidole vyangu vilikuwa vinawasha kidogo. Nikasema ni bamia.

Nilifika nyumbani saa tisa na nusu. Mama akapokea kopo, akanusa.

"Mbona unanukia hivi?"

"Bibi amekamua kabisa. Alisema majani yangenyauka njiani."

"Hajambo lakini?"

"Hajambo, anakusalimia sana."

Akanitazama. Jezi yangu ilikuwa na vumbi jekundu na namba saba mgongoni. Lakini nyumba ilikuwa imejaa wageni na masufuria, na mama hakuwa na nafasi ya kunipeleleza. Kopo likaingia chumba cha mwali.

Mimi nilikuwa nimebakiza kidogo kwenye kopo jingine. Nilikuwa na chunusi tatu kwenye paji la uso, na Jumamosi wangekuja wasichana wa upande wa bwana harusi. Kwa hiyo nyuma ya choo, nikafanya lile nililolisema mwanzo.

Kwanza nilisikia ubaridi. Nikajipongeza. Kisha kitu kama siafu mmoja akapita shavuni. Kisha akaita ukoo wake. Nikajikuna, nikajikuna tena, jasho likateremka kutoka kwenye kope na kuingia jichoni, na hapo ndugu zangu, nikamwelewa sungura.

Nilikwenda bombani kwa kupapasa. Maji yalikuwa yamekatika tangu asubuhi. Na nikiwa pale nimelishika bomba kama maikrofoni, adhana ya alasiri ikaisha. Nikakumbuka kopo. Nikakumbuka uso wa dada, mtandio mpaka puani, siku tatu za kilio. Nikasahau jicho langu.

Mwanaume haingii chumba cha mwali, hata nyumba ikiungua anaita kwa nje. Nikaufuata ukuta mpaka dirishani.

"Msimpake! Jamani msimpake! Ule si mshubiri!"

Kina mama wakaangua kicheko.

"Kijana," kungwi akasema kutoka ndani, "juzi ulituambia kuna nyoka dirishani."

Alisema kweli. Jumanne nilipiga kelele za nyoka, kina mama kumi na moja wakatoka mbio, mmoja na sinia la wali. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Sasa sikuwa nacheka.

"Leo ni kweli! Ni mkonge! Nimeukamua mwenyewe Ngombezi!"

"Uongo wake unazidi kuwa mtamu," sauti nyingine ikasema. "Juzi nyoka, leo mkonge, kesho mamba wa Mto Pangani."

"Dada! Wallahi, haki ya Mungu, usikubali!"

"Ondoka hapo!" dada akanijibu, "au nitamwambia mama. Kungwi, endelea."

"Ngoja nijikune kwanza," kungwi akasema. "Mbu wa siku hizi wana adabu mbaya, wananing'ata mkononi mchana kweupe."

Kungwi ana kawaida yake, ambayo sikuijua wakati ule. Kitu chochote kabla hakijamgusa mwali, kwanza anakipaka yeye, ndani ya mkono, karibu na kiwiko, kisha anapiga soga kidogo. Alikuwa ameshajipaka. Soga ndiyo hiyo, na mbu ndio hao.

Sikuwa na jinsi. Nikashika vyuma vya dirisha, nikalisogeza pazia kwa paji la uso, nikaingiza kichwa.

Sijui nilifananaje. Nilijua tu kwamba jicho moja lilikuwa limefunga kabisa na lingine lilikuwa linaona kwa mshono, na midomo niliihisi imetangulia kufika. Kina mama walipiga ukelele ambao nyoka wa Jumanne hakuupata. Kungwi peke yake hakupiga kelele. Alinitazama mimi, akatazama ndani ya mkono wake uliokuwa umevimba mstari mwekundu. Akanitazama tena. Kisha akachukua kopo kwa ncha ya khanga, kama anavyoshikwa panya, akaliweka mbali na dada.

"Mwiteni mama yake," akasema. "Na leteni maji."

Mama alinilaza kwenye benchi akanimwagia jichoni ndoo mbili za maji, polepole, kwa kikombe, bila kusema neno. Hilo la kutosema neno liliniwasha kuliko mkonge. Kule zahanati muuguzi akanisafisha tena, akasema jicho ni zima, akaniuliza ilikuwaje. Nikamwambia kila kitu. Akamwita mwenzake, akaniomba nirudie pale kwenye bamia.

Usiku, kwa jicho moja, nikaazima daftari la msichana mmoja wa darasani kwetu ambaye huwa hakimbilii uji. Alikuwa ameandika mpaka mwisho: kufanana kunakotafutwa ni kwa kilichomo ndani, si kwa sura, na hata hivyo usikuamini mpaka uwe na uhakika. Amepigia mstari "si kwa sura" kwa kalamu nyekundu. Nilihisi ameniandikia mimi.

Ijumaa bibi alishuka kwenye gari la wageni kutoka Handeni, na kwenye kikapu chake kulikuwa na majani matano ya mshubiri na vichipukizi viwili vyenye mizizi. "Nilimsubiri mjukuu wangu jana mpaka jioni," akasema, kwa sauti ya kutosha mtaa mzima. Kungwi akajipaka ndani ya mkono ule mwingine, akapiga soga, hakuona mbu yeyote. Jumamosi dada alitoka na uso wake wote. Mama mkwe alimtazama muda mrefu, akahesabu meno, akaridhika. Kwenye picha mimi niko mstari wa nyuma, nimevaa miwani ya jua ya golikipa.

Ute uliobaki alinipaka mama mwenyewe, jioni ile ile, wageni wakiwa wameondoka. Nilifumba macho. Vidole vyake vilikuwa baridi, na hakuwa na haraka. Nikaona nimeshasamehewa, nikaanza kutabasamu. Ndipo akasema:

"Geuza shavu la pili, mwali wangu. Nikimaliza, jembe liko nyuma ya mlango. Vile vichipukizi vya bibi yako kavipande karibu na bomba, ili siku nyingine ukinidanganya kwamba umetoka Handeni, angalau uniletee mshubiri wa kweli."