Asubuhi Waliyosema Bibi Ameanguka na Ungo

Pale Bukima nilipokuwa mtoto, mchawi hatukuhitaji kuelezwa. Husafiri usiku kwa ungo, na akichelewa kurudi jua likamkuta njiani, ungo humwangusha popote alipo. Asubuhi ataokotwa kwenye uwanja wa watu, uchi, hajui alikotoka. Tulihadithiana hayo tukianika dagaa, tukicheka kwa woga, bila kufikiri kwamba huyo anayeangushwa huenda ana wajukuu.

Bibi yangu Nyangeta, mama yake baba, alikuwa mkunga wa kienyeji. Watoto wengi niliosoma nao walipokelewa na mikono yake. Nikiwa darasa la nne, akaanza kupotea akiwa palepale nyumbani. Alipika ugali, akasahau, akabandika maji mengine. Aliniita kwa jina la shangazi yangu aliyekwishakufa. Jioni alijifunga kanga na kusema anakwenda kwake.

"Mama, hapa ndipo kwako," baba alimwambia.

"Hapa mimi ni mgeni."

Baba akampeleka zahanati. Muuguzi, dada mpole, alimpima presha, akampa vidonge vya maumivu, akasema uzee ndivyo ulivyo. Hali ilipozidi wakaenda Musoma mjini. Walisubiri kutwa nzima, na mwishowe daktari kijana akamwambia baba ukweli: daktari wa magonjwa ya akili hapa hatuna, labda mjaribu Mwanza. Njiani kuja Musoma tu, bibi alikuwa amejaribu kufungua mlango wa basi likiwa kwenye mwendo. Baba akaona Mwanza haiwezekani. Wakarudi nyumbani.

Msimu ule wa mvua mtoto wa jirani alikufa kwa homa. Haikupita wiki, kukiwa ndiyo kwanza kunapambazuka, tukasikia mayowe upande wa ziwani. Bibi hakuwemo chumbani. Baba alikimbia, nami nyuma yake, tukamkuta ameketi kwenye uwanja wa mzee Magesa, uchi, maji yakimchuruzika, nguo zake amezipakata zimekunjwa vizuri. Watu walishamzunguka.

"Ameanguka na ungo!" mwanamume mmoja alipiga kelele. "Si mnaona? Jua limemuwahi!"

Uwanja ule zamani ulikuwa wa babu, kabla familia haijahamia juu, mbali na ziwa. Bibi aliolewa pale. Alikuwa ametoka kuoga ziwani kama alivyofanya enzi za ubibiharusi wake, akarudi kwake. Baba alijaribu kulisema hilo, lakini jiwe la kwanza lilikuwa limesharushwa.

Lilimpata mkononi. Hakulia. Aliutazama mkono kwa mshangao, akauliza, "Hawa wageni wamefuata nini kwangu?"

Mke wa Magesa alitoka jikoni, akavua kitenge chake cha juu, akamfunika, kisha akakaa mbele yake, chini kwenye tope.

"Huyu ndiye alikuwaga anatuzalisha. Wanangu wote wamepita mikononi mwake. Anayetaka kurusha aanze na mimi."

Wakatawanyika mmoja mmoja, wakitema mate chini.

Mkono ulivunjika, na zahanati ilipotupa rufaa ulifungwa plasta, ukaunga. Kuhusu akili yake hakuna aliyeuliza tena, hata sisi. Baba akamhamishia chumba cha uani, akapiga komeo kwa nje. Alisema ni kwa usalama wake, na sikuwa na sababu ya kutomwamini, maana wangemuua kweli.

Nikirudi shule nilimsikia akibisha kwa ndani, kwa adabu, kama mtu aliyefika ugenini. "Hodi! Wenyewe mpo?" Nikimwitikia alifurahi, akanihimiza nimfungulie upesi kwa sababu kuna mwanamke ameshikwa na uchungu anamsubiri. Kila siku alikuwepo huyo mwanamke. Bibi alikufa mlemle chumbani kabla sijamaliza shule ya msingi. Msibani watu walijaa, lakini masufuria ya wali na sato yalibaki yalivyoepuliwa motoni. Hakuna aliyekubali kula kwetu.

Sasa ninafundisha Bunda. Mwaka jana kwenye semina moja mtaalamu alituelezea ugonjwa wa kusahau unaowapata wazee: unavyofuta ya jana na kuacha ya ujanani, hadi mtu anaikana nyumba anayoishi na kutafuta aliyoishi zamani. Niliacha kuandika nikabaki namsikiliza tu. Jumamosi nikaenda Bukima kumwambia baba. Amezeeka naye. Alinisikiliza hadi mwisho, kikombe cha chai mbele yake, akitazama vidole vyake.

"Kwa hiyo mama hakuwa..." Neno lenyewe lilimshinda.

"Hakuwa, baba. Alikuwa mgonjwa."

Ndipo nikaelewa. Miaka yote nilidhani alimfungia kwa kuwaogopa watu. Kumbe alimwogopa na mama yake.

Waliorusha mawe niliwachukia muda mrefu, na sijamaliza. Ila siku hizi nawaza zaidi, laiti angepatikana mtu mmoja wa kuketi na baba, akamweleza yale niliyomweleza mimi kabla chai haijapoa. Bibi asingepona. Lakini mwanawe angeweza kukaa naye chumba kimoja bila hofu, na kumshika mkono. Mtu huyo hakuwepo, na nilipoulizia majuzi pale zahanati, hayupo bado.

Nilipokuwa naaga, baba akanisindikiza hadi barabarani, akasimama.

"Unafikiri alijua ni mimi niliyemfungia?"

Nilimwambia sijui. Akatikisa kichwa, akageuka kurudi nyumbani peke yake.